Tairi Pana la Mwalimu Wanja

Kila siku akitoka shuleni, Fahmo alifanya mambo yaleyale. Alivua sare, akanawa miguu iliyojaa vumbi la Chechelesi, mtaa wao mjini Isiolo, akaswali alasiri, kisha akachukua chupa ya chai iliyotayarishwa na mama yake na kuipeleka gerejini kwa mjomba wake. Naye mama yake, Safiyo, alimsindikiza kwa maneno yaleyale mpaka mlangoni.

"Ishike wima, usije ukaimwaga. Na usinirudie na mafuta ya gari kwenye dera lako."

Hilo la mafuta halikuhitaji kusemwa. Fahmo alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, wa Gredi ya Saba, na jamaa zake walimcheka kwa jambo moja tu: kinyaa. Hakunywa maji kwa kikombe alichokitumia mtu mwingine. Nzi akitua ukingoni mwa sahani, basi Fahmo ameshiba. Binamu yake mdogo, Leila, alikuwa akimtania kwa kulamba vidole mbele yake mpaka Fahmo akimbie chumbani.

Gereji ya mjomba wake, Dualeh, ilikuwa mahali pa kumtesa mtu wa namna hiyo. Mafuta machafu ya injini yalikuwa yamemwagwa uani miaka mingi mpaka udongo ukawa mweusi na wa kunata. Matairi makuukuu yaliyolundikwa kando ya ukuta yalikuwa na maji ya mvua ya zamani, na ndani ya maji hayo viluwiluwi vya mbu vilijipinda wakati wote. Lakini kibaya zaidi kilikuwa kando ya kigoda cha Dualeh mwenyewe. Mjomba huyo alikuwa mtafunaji wa miraa. Shavu lake moja lilivimba tangu adhuhuri, na kila baada ya muda alitema mate ya kijani palepale chini, hatua moja kutoka mahali pa kuwekea vikombe.

"Abti, si ungetema kule nje?" Fahmo alimwambia siku nyingi, akiwa ameinua pindo la dera kwa vidole viwili.

Abti ndivyo Wasomali wa Isiolo wanavyomwita mjomba, naye mjomba humwita mpwa wake abti vilevile, na Dualeh alikuwa mjomba anayependwa. Alicheka. "Malkia amefika! Ondoeni uchafu, malkia apite!"

Kilichomrudisha Fahmo pale kila jioni hakikuwa chai. Kilikuwa rangi. Fahmo alipokuwa Gredi ya Tano, Dualeh aligundua kwamba mtoto huyu ana mkono usiotetemeka. Alimpa mkebe wa rangi ya kupuliza ajaribu kwenye tangi bovu la pikipiki, na Fahmo, akiwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, akaipuliza rangi ikalala laini kama ngozi ya biringani. Haikuchuruzika popote. Tangu siku hiyo, kazi ya kumalizia rangi ilikuwa yake. Wenye bodaboda walikuja kuuliza, "Yule msichana yupo?" Dualeh akajivuna kana kwamba yeye ndiye aliyemfunza.

Wiki moja kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula, Mwalimu Wanja aliingia gerejini na pikipiki yake.

Hakuna mwanafunzi ambaye hakuijua pikipiki hiyo. Haikuwa ya bodaboda. Ilikuwa kruza: ndefu, kiti chake kiko chini, usukani umepanuka kama pembe za ng'ombe wa Kiborana, na sauti yake nzito ilisikika kabla haijapinda kona ya shule. Mwalimu Wanja alifundisha sayansi. Alikuwa ametoka Nyeri kuja kufanya kazi Isiolo, na hakuna aliyemsikia akilalamika juu ya joto wala vumbi. Alivaa kofia ya chuma nyeusi juu ya nywele zake fupi na viatu vizito, na wasichana wa Gredi ya Saba walikuwa wakigombania nafasi ya kumbebea vitabu.

"Salaam aleikum, Dualeh. Habari ya jioni, Fahmo," alisema, akizima injini. "Nimekuja na ile ndoto yangu."

Ndoto yenyewe ilikuwa ndani ya boksi mbili zilizoletwa na lori kutoka Nairobi. Dualeh alizifungua, na hata yeye akaacha kutafuna. Zilikuwa rimu mbili za aloi, hazina spoku, vile vijiti vyembamba vya rimu za zamani, bali mbavu tano nene zilizong'aa kama sinia jipya. Pamoja nazo yalikuja matairi mawili. Lile la nyuma lilikuwa pana ajabu. Leila, aliyekuwa akicheza uani, alilala juu yake akasema ni godoro.

"Tunaenda Marsabit Jumamosi, wanawake tupu, kila mtu na pikipiki yake," Mwalimu Wanja alisema. "Nataka niwe tayari. Lakini niambie ukweli, Dualeh. Tairi hili litaingia? Naliona kubwa."

Dualeh alipiga kifua. "Mwalimu, wacha wasiwasi. Hakuna tairi lililonishinda hapa Isiolo. Jumamosi asubuhi njoo uchukue pikipiki yako."

"Kama halitaingia, unaniambia tu. Nitangoja. Marsabit haitahama."

"Nimekwambia litaingia."

Mwalimu Wanja akamgeukia Fahmo. "Na rangi nataka iwe ya mkono wako. Nyeusi tupu, iliyokolea."

Fahmo hakulala vizuri usiku huo kwa furaha.

Siku ya Alhamisi alifika gerejini na kumkuta mjomba ameketi chini, amezungukwa na spana, uso umekunjamana. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshafungwa na lilipendeza sana. Tatizo lilikuwa la nyuma. Gurudumu la nyuma la pikipiki hushikwa katikati ya vyuma viwili vilivyonyooka, vyenye uwazi ndani kama bomba, kimoja kila upande, na mafundi huviita mkono. Dualeh alikuwa ameliingiza tairi pana katikati ya mkono huo, nalo lilikuwa limebana. Alilisukuma lizunguke, likazunguka kidogo, likakwama na kulia kama mtoto wa mbuzi. Mpira ulikuwa ukisugua chuma pande zote mbili.

"Haliingii, abti," Fahmo alisema.

"Linaingia. Linataka nafasi kidogo tu."

"Si umpigie Mwalimu simu? Alisema atangoja."

Dualeh alitema mate. Mara hii hakutazama yameangukia wapi. "Nimpigie nimwambie nini? Kwamba Dualeh, mjukuu wa mmoja wa askari Wasomali walioanzisha mji huu, ameshindwa na tairi? Kesho habari ziko kila duka." Alilichomoa gurudumu, akachukua grenda, mashine ya kukwangulia chuma, akaiwasha.

Cheche ziliruka. Harufu ya chuma kilichoungua ilijaa uani. Dualeh aliukwangua mkono wa pikipiki upande wa ndani, kwanza kushoto, kisha kulia, akipunguza chuma ili tairi lipate mahali pa kupita. Fahmo aliziba masikio. Mashine iliponyamaza, alisogea kuangalia. Chuma kilichokuwa kinene kilikuwa kimeliwa mpaka kikabaki chembamba. Upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu, grenda ilikuwa imepenya kabisa. Palikuwa na tundu lenye kingo zilizochongoka, na ndani ya tundu giza.

"Abti! Imetoboka!"

"Naiona. Niletee pati."

Fahmo aliijua pati. Ni ule uji mzito wa kijivu, wenye uvundo unaochoma macho, ambao mafundi huzibia mibonyeo ya magari yaliyogongwa. Ikikauka unaweza kuisugua kwa msasa mpaka ikawa laini, na ukipaka rangi juu hakuna anayejua kilichofichwa. Lakini pati haibebi uzito. Mlango wa gari haubebi mtu. Mkono wa pikipiki humbeba mtu, mzigo wake na barabara yote ya Marsabit.

Alisimama akitazama huku Dualeh akiipakaza kwa kidole, akiisukuma ndani ya tundu. Ilifurika pembeni kama usaha. Fahmo akageuza uso. Aliwahi kuona mambo mengi ya kutapisha katika gereji ile, lakini hakuna lililomfanya ajisikie hivi. Mate ya kijani yalikuwa uchafu wa kufagiwa. Huu ulikuwa uchafu wa kupambwa.

"Hiki chuma kimekuwa chembamba, abti. Mwalimu akipita kwenye shimo..."

"Fahmo." Sauti ya Dualeh haikuwa na utani. "Nani fundi hapa?"

"Ni wewe."

"Kazi yako ni nini?"

"Rangi."

"Basi paka rangi. Na maneno ya gereji yanabaki gerejini. Umenielewa?"

Pati ilipokauka na kusuguliwa kwa msasa, Fahmo alifunga kitambaa usoni. Alitikisa mkebe. Mkono wake, ule usiotetemeka, haukutetemeka hata siku hiyo. Rangi nyeusi ililala juu ya pati na juu ya chuma, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, mpaka hakuna jicho ambalo lingeweza kutambua chuma kinaishia wapi na uongo unaanzia wapi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alipomaliza alikwenda nyuma ya lundo la matairi akatapika.

Alimchukia mjomba wake njia nzima ya kurudi nyumbani. Alichukia kicheko chake, shavu lake lililovimba, meno yake yenye rangi ya majani makavu. Alijiambia kwamba yeye Fahmo hangeweza kamwe kufanya jambo chafu namna ile. Alioga mara mbili, akasugua vidole kwa jiwe, lakini weusi uliokuwa chini ya kucha haukutoka.

Ijumaa shule ilifungwa adhuhuri kwa ajili ya mapumziko, na baada ya swala Dualeh alikuja kula kwa kina Fahmo kama kawaida. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kunukia manukato, na mkononi alikuwa na sambusa za nyama ya ngamia zilizofungwa kwenye gazeti. Aliziweka mbele ya Fahmo.

"Hizi ni za fundi wangu wa rangi," alimwambia Safiyo. "Dada, huyu mtoto wako Mungu amempa mkono. Ukiiona pikipiki ya Mwalimu, utadhani imetoka kiwandani leo."

Safiyo alitabasamu kwa fahari. "Kula, Fahmo. Mjomba wako amekukumbuka."

Fahmo aliuma kipande. Sambusa ilikuwa ya moto, imejaa vitunguu, na siku nyingine angeila tatu bila kupumua. Sasa mafuta yake yalimjaa mdomoni, nyama ikawa kama mpira. Aliona tundu lile. Aliiona pati ikifurika. Aliinua macho, akakuta mjomba anamtazama, anatabasamu kwa mdomo lakini macho yanamwambia kitu kingine. Fahmo alikitema kile kipande kiganjani.

"Una nini?" Safiyo alimgusa paji la uso. "Una homa? Sema, mama. Kuna jambo?"

Hapo Fahmo alipata nafasi ya kusema. Lakini aliwaza: baba yake, Abdighani, huwa na lori lake njia ya Moyale wiki nzima, na asipokuwapo ni Dualeh anayewapeleka hospitali, ni Dualeh anayewarekebishia paa. Angesemaje mbele ya mama kwamba kaka yake ni mwongo?

"Ni tumbo tu," alijibu.

"Mtoto huyu na kinyaa chake," Dualeh akasema, na kila mtu akacheka isipokuwa Fahmo.

Jumamosi asubuhi uwanja wa mbele ya gereji ulichangamka. Wanawake watano walikuwa wameshafika na pikipiki zao, wamefunga mizigo nyuma, wanapiga gumzo. Aliyekuwa akiwaongoza aliitwa Ntongai, mwuguzi kutoka upande wa Meru, mwenye kicheko kikubwa. Pikipiki ya Mwalimu Wanja ilisimama katikati yao kwenye jua, na ilikuwa kweli kama alivyosema Dualeh. Rimu zilimeremeta. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa pana na la kutisha. Watu waliokuwa wakienda dukani walisimama kuitazama.

Mwalimu Wanja aliizunguka taratibu. Alichuchumaa, akalisukuma gurudumu la nyuma, likazunguka bila sauti.

"Ulipata wapi nafasi, Dualeh? Mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka."

"Marekebisho madogo tu, Mwalimu. Kazi ya fundi hiyo."

Alipitisha kiganja juu ya rangi. Akatabasamu. Fahmo aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha mlango aliona kiganja hicho kikipita palepale, juu ya tundu lilipokuwa, na akahisi kama kinapita juu ya kitu kilichooza.

"Fahmo, njoo," Mwalimu aliita. "Rangi kama hii haijapata kuonekana. Kabla hatujaondoka nakupa zawadi. Panda nyuma, tuzunguke mpaka barabara kubwa na kurudi. Ntongai, mpe kofia."

Wanafunzi wenzake wangetoa nini kupata nafasi hiyo! Fahmo hakusogea.

"Sitaki, Mwalimu. Asante."

"Hutaki?" Mwalimu Wanja alishangaa.

"Mimi nataka! Mimi nataka!" Ilikuwa sauti ya Leila. Kabla mtu hajajibu, mtoto yule wa miaka saba, binti pekee wa Dualeh, alikuwa ameshaparamia kiti cha nyuma, miguu inaning'inia, mikono inapiga makofi.

"Leila, shuka!"

Dualeh alikuwa amepaza sauti mpaka njiwa wakaruka paani. Kila mtu aligeuka. Uso wake ulikuwa umepauka, na tayari alikuwa amemfikia mtoto, amemkwapua kwa mikono miwili kama anayemtoa motoni.

"Kuna nini?" Ntongai aliuliza. "Si ni mzunguko tu?"

"Ni... ni mdogo. Ataanguka," Dualeh alisema. Alikuwa akihema.

Hapo ndipo Fahmo alipoelewa jambo lililomfanya asahau woga wote. Mpaka wakati ule alikuwa akijidanganya kwamba labda mjomba haoni hatari, labda anaamini pati itashika. Sasa aliona wazi. Mjomba alijua. Alijua vizuri sana, ndiyo maana binti yake haruhusiwi kukaa pale hata kwa mzunguko mmoja. Lakini binti wa watu wengine aende nayo mpaka Marsabit. Fahmo alitaka kumtemea mjomba wake mate mbele ya watu wote.

Kisha akaitazama rangi, rangi yake, inavyong'aa. Akajitazama kucha.

Alitembea mpaka kwenye meza ya kazi, akachukua bisibisi. Hakusema neno. Alipiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, akaweka ncha ya bisibisi kwenye ukingo wa juu wa mkono, akakwangua kwa nguvu.

"Fahmo! Unaharibu!" mtu alipiga kelele.

Rangi nyeusi ilichanika. Chini yake ukatokea ukijivu. Alichokora tena na tena, na pati ikaanza kumeguka vipande, ikaanguka mchangani kama ganda la kidonda. Mara ncha ya bisibisi ikatumbukia ndani. Tundu likabaki wazi mbele ya macho ya kila mtu.

"Usiipande, Mwalimu," Fahmo alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ikitetemeka. "Chuma kimekwanguliwa pande zote mbili. Hapa kimetoboka kabisa. Hii ni pati tu."

Ntongai alichuchumaa, akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu, akakitoa na kukifuta kwenye suruali yake huku amekunja uso.

"Wanja," alisema polepole, "hii ingekatika kabla hatujafika Archer's Post. Na nyuma yetu kuna malori."

Mwalimu Wanja hakupiga kelele. Fahmo angependelea apige. Alimtazama Dualeh kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyokitazama chakula baada ya kugundua kilichokuwa ndani yake.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikwambia nitangoja. Ulishindwaje kusema neno moja, 'haliingii'?"

Dualeh alikuwa bado amemshika Leila. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nimeshasema nitaweza."

"Na kwa ajili ya hilo tu ungeniacha niende."

Dualeh alimgeukia Fahmo na macho mekundu. "Umeniaibisha mbele ya watu, abti."

"Hapana," Safiyo alisema. Alikuwa amekuja na chupa ya chai na mkate wa wasafiri, na hakuna aliyemwona akifika. "Aibu uliipaka mwenyewe, kaka yangu. Mtoto ameikwangua tu."

Fahmo alijiona ameokoka. Alisubiri Mwalimu Wanja amwambie neno zuri. Badala yake mwalimu alimwuliza, "Fahmo, ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Jana tulikuwa darasani pamoja. Ulinibebea vitabu mpaka ofisini."

Fahmo aliinamisha kichwa.

Wale wanawake wengine waliondoka kwenda Marsabit bila mwenzao. Mwalimu Wanja alivua kofia, akaketi kwenye jiwe, na jua lilikuwa limepanda sana alipomwita Dualeh. Alimwambia kwamba pikipiki haitoki pale. Alimwambia ataifanya upya, kwa gharama yake mwenyewe, na kila hatua yeye mwalimu atakuwepo anaangalia. Dualeh angeweza kuanza ugomvi. Watu wa Chechelesi walikuwa bado wamejaa mlangoni na kila mmoja alikuwa na neno la kusema. Lakini labda alikuwa bado anauhisi uzito wa Leila mikononi, kwa maana alikubali, akaomba radhi kwa maneno yanayosikika.

Kazi ile ilichukua siku nyingi. Mkono uliokwanguliwa ulikatwa vipande kwa msumeno, mbele ya kila mtu, asije mtu akaufunga tena kwenye pikipiki nyingine. Mkono mpya, mpana zaidi, uliotengenezwa kwa ajili ya tairi la kiasi kile, uliagizwa kutoka Nairobi. Ulipofika, Dualeh alipima kabla ya kufunga. Alipima tena baada ya kufunga. Cheni ilikuwa ikisogea karibu mno na mpira, akakiri, "Hapa bado si sawa, Mwalimu, nipe mpaka kesho," na Fahmo alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno kama hayo kwa mteja yeyote. Kesho yake akaiweka sawa.

Hata hivyo, mambo hayakurudi kama zamani kwa siku moja. Fahmo alipeleka chai lakini hakukaa. Aliiweka chupa mezani, akaondoka bila kumtazama mjomba. Dualeh alipomwita malkia, hakucheka. Kila alipomwona alihisi kinyaa kilekile.

Siku ya kupaka rangi mkono mpya, Mwalimu Wanja alimkuta amesimama nje ya lango na kitambaa mkononi.

"Mbona huingii? Rangi inakungoja."

"Mwalimu, akipaka mtu mwingine si sawa tu? Mimi mjomba ananichukiza. Siwezi hata kunywa maji katika nyumba aliyomo."

Mwalimu Wanja aliegemea ukuta kando yake.

"Nami alinichukiza," alisema. "Siku ile ningeweza kumpiga. Lakini nikuulize. Alhamisi ulipoona pati ikiingia tunduni, ulijisikiaje?"

"Nilitapika."

"Kabla ya kupaka rangi au baada?"

"Baada," Fahmo alisema.

"Unaona? Kinyaa ulikuwa nacho, na kilikuambia kweli. Kilikuambia kwamba jambo hili ni bovu. Lakini ulikichukua kinyaa chako ukaenda nacho nyumbani, ukaoga, ukamchukia mjomba wako, ukajiona wewe ni msafi. Na mimi nilikuwa bado nimepangiwa kuipanda ile pikipiki. Kuchukizwa na ubaya si sawa na kuukataa, Fahmo. Anayechukizwa anageuza uso. Anayekataa anafungua mdomo, hata kama sauti inatetemeka. Ulikawia siku mbili, na siku mbili zilitosha kabisa kuniua. Lakini ulipofungua mdomo, uliikwangua hata kazi yako mwenyewe uliyokuwa ukijivunia. Kwa hilo mimi niko hai, na nakushukuru. Sasa mjomba wako amekubali kosa lake na analisahihisha kwa mikono yake. Ukiendelea kumkunjia uso, hutakuwa unamchukia kwa ajili ya uchafu tena. Utakuwa unafurahia tu kuwa msafi kuliko yeye."

Maneno hayo yalimchoma Fahmo, kwa sababu yalikuwa kweli. Alifuta macho kwa kile kitambaa, kisha akajifunga nacho puani, akaingia.

Dualeh alikuwa ameinama juu ya mkono mpya, alioufungua tena ili upakwe rangi. Alipomwona, alisimama pembeni bila utani.

"Uangalie kwanza," alisema. "Kabla hujapaka. Kila mahali."

Fahmo aliuchukua mkono ule, ukamlemea kwa uzito. Aliugeuza kwenye mwanga, akapitisha vidole ndani na nje, kwenye kila kona na kila mahali palipounganishwa. Aliuliza kuhusu alama moja ndogo, na mjomba akamwonyesha kwamba ni muhuri wa kiwanda. Aliposhika mkebe wa rangi, alimgeukia.

"Abti, nikiona kitu siku nyingine, nitasema."

"Sema," Dualeh akamjibu. "Na usiningoje nimalize."